Lango la Nyuma la Hoteli ya Njia Panda

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni na apunguze moto kidogo. Aliye shambani na redio yake begani na atafute kivuli. Leo tunamkumbuka mama mmoja, na pamoja naye tunaikumbuka nyumba moja. Mama huyo ni Agustina Mokami, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mama Waisiko. Nyumba hiyo ni Hoteli ya Njia Panda, iliyoko katikati ya mji wa Tarime. Mama Agustina alifariki dunia mwezi uliopita. Hoteli ilitangulia kufungwa, mwaka jana, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu.

Wengi wenu mnaifahamu hoteli hiyo. Ilijengwa zamani za Mwingereza, kwa mawe yaliyochongwa kutoka vilimani. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeitwa Lalji. Aliiweka pale barabara zinapokutana: moja inakwenda Sirari, moja Musoma, moja inashuka ziwani, na moja inapanda Nyamwaga na kuendelea hadi Nyanungu. Baraza lake lilikuwa na sakafu nyekundu iliyong'arishwa kila asubuhi. Vyumba vilikuwa vinane. Nyuma kulikuwa na uwanja wa mawe, na mwisho wa uwanja lilikuwepo lango pana la mbao, ambalo malori ya kuni yalilitumia kuingia. Tafadhali mlikumbuke lango hilo.

Kila aliyelala pale aliondoka na hadithi yake. Wapo waliosema kwamba mwaka hoteli ilipofunguliwa, simba alipanda barazani, akanywa maji ya kunawia wageni, akaenda zake. Wapo walioapa kwamba tanuri la jikoni lilikataa kuoka mkate siku Lalji alipoondoka. Lakini hadithi iliyosimuliwa kuliko zote ni ya ng'ombe. Wageni wa chumba namba nne walisema kwamba alfajiri walisikia kwato juu ya mawe ya uwanja. Wakifungua dirisha, hawakuona mnyama. Waliona lango tu, nalo liko wazi. Watu wa mjini wakasema: lango la Njia Panda halikubali kufungwa. Wakasema lina mwenyewe.

Mama Agustina alikuwa akisikia hayo, naye alikuwa akipanga vikombe. Hakubisha. Hakukubali. Kama mgeni alimbana sana, alimjibu, "Wewe ulikuja kulala au kuhesabu kwato?" Wote wakacheka, na mazungumzo yakageukia jambo lingine. Ukweli wa lango lile aliuweka moyoni, akamwachia binti yake peke yake. Ni binti huyo, Waisiko, aliyetusimulia.

Agustina alizaliwa Nyanungu, katika mji wa Mzee Mokami Kisyeri. Sisi wa huku tukisema mji wa mtu, tunamaanisha boma lake zima: nyumba, maghala na zizi. Mji wa Mzee Mokami ulikuwa na lango moja kubwa la ng'ombe, lenye nguzo za mti mgumu ambazo babu yake alizichimbia. Kila jioni, mifugo ikishaingia, mzee alilifunga kwa mkono wake, gogo moja baada ya jingine. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Tena katika ukoo wake kulikuwa na desturi isiyovunjwa. Mwenye mji akifariki, hatolewi kwa mlango mdogo. Anapitishwa katika lango la ng'ombe, ng'ombe wakitangulia, kisha anazikwa kando ya lango hilohilo, ili aendelee kuwasikia wakitoka na kurudi. Baba yake alipitishwa hapo. Babu yake pia. Mzee Mokami alikuwa amekwisha kuonyesha kwa fimbo mahali pake.

Agustina alikuja mjini angali msichana, akaajiriwa kufua mashuka. Aliolewa, akampata Waisiko, akafiwa na mume mapema. Hoteli ikawa ndiyo maisha yake. Lalji alipoondoka na nyumba ikawa mali ya umma, mameneja walikuja na kwenda, lakini Agustina alibaki. Akawa msimamizi wa vyumba na meza. Jioni alihudhuria kisomo cha watu wazima, akajifunza kusoma na kuandika, na namba za milango alizichora upya kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike mwaka wa sabini na nne. Ndio mwaka wa operesheni ya vijiji. Watu walitakiwa kuondoka katika miji yao iliyotawanyika, wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, karibu na barabara, shule na maji. Nia ilielezwa vizuri, na wapo walioihama miji yao kwa nyimbo. Lakini si kila mtu aliweza kuubeba mji wake mgongoni.

Wasimamizi wa operesheni walifikia Hoteli ya Njia Panda. Walikula pale, wakalala pale, wakapanga kazi zao katika meza ndefu ya chumba cha kulia. Aliyewaongoza aliitwa Ndugu Nikolaus, mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyekuwa akishukuru kila alipoletewa kijiko. Agustina aliwahudumia. Ijumaa moja, akiwa na birika mkononi, alimsikia Ndugu Nikolaus akisema, "Jumatatu malori yanaanza Nyanungu."

Agustina alimimina chai mpaka ikafurika sahani.

"Mama, umechoka leo," akasema Ndugu Nikolaus kwa wema.

"Samahani, Ndugu. Huko Nyanungu kuna baba yangu. Ni mzee sana, tena mgonjwa wa kifua. Hawezi kuchelewa kidogo? Hata mpaka ulezi uvunwe?"

Ndugu Nikolaus aliweka kijiko chini. Inasemekana alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama yangu, mimi si mwenye tarehe. Tarehe zinatoka juu. Nikimwacha mmoja, kesho wote watakuwa na baba."

Agustina akaenda kwa meneja, Benedicto Magige. Meneja akasema yeye anasimamia vyumba na chakula, hana sauti katika mambo ya vijiji. Akaenda kwa mkubwa mmoja wa kata aliyekuwa amekaa barazani. Huyo akamwambia awaone watu wa wilaya. Watu wa wilaya ndio hao waliokuwa wakinywa chai yake. Wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyemfokea. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alimpa pole, na kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine, mpaka akajikuta amerudi jikoni alikoanzia.

Hapo ndipo Agustina alipopata wazo. Wazo hilo alilijutia maisha yake yote. Aliona operesheni kama mvua kubwa. Mtu akiona mvua inakuja, humwingiza mgonjwa ndani, akasubiri ipite. Alidhani malori yatafika, yatachukua wanaotakiwa, yatapita, na mzee atarudi nyumbani kwake baadaye, kimyakimya. Basi Jumapili, baada ya ibada, akaomba nafasi katika gari la mmoja aliyekuwa akienda Nyamwaga na kuendelea mbele, akafika Nyanungu.

Mzee Mokami alikuwa ameketi langoni, na blanketi mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na gari. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, tata, baba yangu. Nimekuja kukuchukua, ukatibiwe kifua. Nina chumba pale hotelini. Meneja amekubali."

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mimi nilale hotelini! Nimekuwa mnunuzi wa ngozi, mtu wa kulala safarini?"

"Ni siku mbili tatu tu, baba."

"Na lango atafunga nani?"

"Ryoba yupo." Ryoba ni mdogo wake Agustina, ndugu wa kiume pekee aliyebaki nyumbani.

Mzee alimtazama Ryoba, akamtazama Agustina. Hakutaka kwenda. Lakini kifua kilikuwa kimemshika kweli, na binti yake alikuwa akilia. Akainuka. Kabla ya kupanda gari, alizigusa nguzo mbili za lango, ya kulia na ya kushoto, kama mtu anayewaaga wenzake.

Akapewa chumba namba nne, chenye dirisha linalotazama uwanja wa nyuma. Mzee alikichunguza chumba kile kama anayekagua mnyama wa kununua. Alibonyeza kitanda cha chuma, kikalia. "Hiki kinalia kama ndama aliyeachishwa," akasema. Kisha akaiona namba mlangoni. "Na hii ni nini?"

"Ni namba ya chumba, baba. Niliiandika mimi."

"Umempiga baba yako chapa kama ng'ombe wa mnadani?"

Wahudumu walicheka, naye akacheka nao. Siku ile ya kwanza ilikuwa njema. Alikunywa uji wa ulezi, akaisifu sakafu nyekundu. Jua lilipozama, akauliza, "Lango amefunga nani?"

"Ryoba amefunga, baba."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Malori yalifika Nyanungu.

Agustina hakujua kilichotokea huko. Alijua tu kwamba wasimamizi waliondoka alfajiri, wakarudi na vumbi kichwani, wakala sana. Jioni mzee akauliza, "Lango amefunga nani?" Agustina akajibu, "Ryoba amefunga, baba." Ikawa hivyo Jumanne. Ikawa hivyo Jumatano. Swali ni lile lile, na jibu ni lile lile. Asubuhi mzee aliuliza jambo jingine: "Leo tunarudi?" Agustina akasema, "Daktari anataka akuone tena." Na daktari, kwa kweli, alikuwa amekwisha kumwona. Alimwambia Agustina pembeni kwamba mapafu ya mzee yamekwisha, na kwamba kama mzee ana mahali anapopenda kuwa, basi awe huko.

Mnasikia, wasikilizaji wapendwa? Kama ana mahali anapopenda kuwa.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, Ryoba aliingia kwa lango la nyuma la hoteli. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Nyanungu, akilala njiani, akiswaga ng'ombe mmoja jike, mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni.

Benedicto Magige akatoka ofisini. "Mama Waisiko! Hoteli yangu imekuwa zizi?"

"Ni maziwa ya mgonjwa, Bwana Meneja," akajibu Ryoba haraka. "Mzee hanywi ya kopo."

Meneja akakuna kichwa. "Haya. Lakini asikanyage mashuka."

Agustina akamvuta Ryoba nyuma ya jiko. Ryoba hakuwa na maneno mengi. Alikuwa amekwenda kuhamisha mizigo ya mke wake na watoto, nyumba yake ikiwa mbali kidogo na ya mzee. Aliporudi, alikuta nyumba ya baba haina paa. Ng'ombe wengine walikuwa wamepelekwa katika zizi la kijiji kipya. Nguzo za lango zilikuwa zimeng'olewa, zinapakiwa kwenye lori, kwa kuwa zilikuwa miti mizuri ya kujengea ofisi.

"Hukuwaambia ni za nani?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza, mwenyewe yuko wapi? Ningesema yuko wapi, dada?"

Wakakubaliana mzee asiambiwe. Ryoba akamkamua yule ng'ombe, naye ng'ombe, akiwa ugenini juu ya mawe, akalia kwa sauti. Ndani ya chumba namba nne mzee alikuwa amelala. Akafumbua macho.

"Sauti hiyo naijua," akasema. Akaomba ainuliwe dirishani. Akamwona ng'ombe wake mwekundu, amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia mashuka. Akafurahi, akamwita kwa jina lake. Kisha furaha ile ikatoka usoni pake polepole. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Ryoba, akaitazama kamba. Ng'ombe yule alikuwa mama wa zizi, jike ambaye wengine wote humfuata. Hakuna mtu anayemtoa mama wa zizi akampeleka mbali, zizi likiwa limesimama.

Mzee alikunywa maziwa yake yote. Alirudisha kibuyu kwa mikono miwili. Jua likazama, na Agustina akakaa kando ya kitanda, akisubiri lile swali, na uongo wake ukiwa tayari mdomoni.

Jioni ile mzee hakuuliza.

Ijumaa, Agustina alipeleka chakula katika meza ndefu. Wasimamizi walikuwa wakizungumza juu ya Nyanungu. Ndugu Nikolaus alimwona, akataka kumpa neno la faraja. "Mama, yule baba yako hakusumbuliwa, nadhani. Nyumba zenye wagonjwa wa kitandani tuliziruka. Niliwaambia vijana wangu: mgonjwa aachwe mpaka apone, au mpaka Mungu aamue. Tulibomoa zile tu tulizozikuta hazina mtu. Mwenyewe kama hayupo, maana yake amehama kwa hiari."

Agustina alisimama na sahani ya ugali mikononi. Waisiko, ambaye wakati huo alikuwa akimsaidia mama yake mezani, anasema hata vijiko viliwekwa chini. Watu wote wakamtazama. Mwishowe akasema, "Niwaongezee mchuzi, Ndugu?"

Angesema nini, na kwa nani?

Jumamosi asubuhi Mzee Mokami alifariki dunia, katika chumba namba nne, katika kitanda cha chuma. Maneno yake ya mwisho kwa binti yake hayakuwa ya lawama. Alimshika mkono akasema, "Usinitoe kwa mlango huu wenye namba."

Agustina akaanza tena kuomba. Aliomba lori la kumrudisha mzee Nyanungu. Malori yote yalikuwa kazini, yakihamisha walio hai. Aliomba ruhusa ya kumzika katika mji wake wa zamani. Ndugu Nikolaus alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini kwamba eneo lile haliruhusiwi tena makazi wala maziko, naye hawezi kulifungua. Agustina akauliza kama mzee anaweza kuzikwa katika kijiji kipya. Makaburi ya kijiji kipya yalikuwa hayajapimwa. Basi mzee atazikwa makaburi ya mjini, upande wa barabara ya Sirari, kati ya watu asiowajua. Hilo halikuweza kubadilika. Joto lilikuwa kali, na maiti haisubiri vikao.

Likabaki lango tu.

Chumba namba nne kilikuwa na mlango mmoja, unaotokea kwenye ushoroba, na ushoroba unatokea barazani. Agustina alikwenda kwa Benedicto Magige akamwomba ruhusa ya kung'oa dirisha. Meneja alilitazama dirisha, akamtazama Agustina. Dirisha lilikuwa mali ya umma. Akasema, "Mimi nakwenda posta." Akavaa kofia yake akaondoka.

Ryoba na wahudumu wakang'oa fremu ya dirisha. Mzee akatolewa kwa dirisha, akiwa amefungwa katika shuka jeupe la hoteli, akawekwa uwanjani. Ryoba akamfungua ng'ombe mwekundu, akamtanguliza. Ng'ombe akapita katika lango pana la kuni, kwato zake zikigonga mawe. Mzee akafuata nyuma yake, juu ya mabega ya wapishi na wafua nguo. Agustina alisema baadaye kwamba kwa muda ule mfupi, lango la kuni lilikuwa lango la ng'ombe, na baba yake alikuwa mwenye mji.

Kisha wakafika njia panda. Makaburi yalikuwa upande wa Sirari. Lakini ng'ombe mwekundu hakugeukia Sirari. Bila kuswagwa, aliishika barabara ya Nyamwaga, barabara iendayo Nyanungu, akaanza kupanda kwa mwendo wa mnyama anayerudi nyumbani jioni. Waliombeba mzee wakasimama. Agustina aliona mabega yao yakigeuka kidogo, kumfuata ng'ombe.

Ryoba akakimbia, akamshika ng'ombe kwa kamba ya shingo. Akamvuta. Ng'ombe akagoma, akalia kwa nguvu. Ilibidi wanaume wengine wawili wamsaidie kumgeuza, huku mmoja wao akitokwa na machozi. Hivyo ndivyo Mzee Mokami Kisyeri alivyokwenda makaburini: nyuma ya ng'ombe aliyekokotwa.

Dirisha lilirudishwa mahali pake. Meneja alirudi kutoka posta, hakuuliza kitu. Lakini tangu siku ile, Agustina hakulifunga tena lango la nyuma. Mameneja wengine walikuja, wakaamuru lifungwe. Lilifungwa jioni, asubuhi likakutwa wazi. Wakasema ni mzimu. Wakasema ni ng'ombe. Alikuwa Mama Agustina, akipita na kandili yake kabla ya kwenda kulala. Binti yake alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Kwao babu yako kulifungwa. Hapa pasifungwe."

Je, na zile kwato za alfajiri? Waisiko hajui. Anasema mama yake naye alizisikia.

Ikaja miaka ya shida. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, mashuka yakachakaa. Wageni wakapungua. Mwaka jana hoteli ikafungwa, na lango la nyuma likatiwa mnyororo na kufuli kubwa. Mama Agustina alikwenda kuishi kwa binti yake, hatua chache tu kutoka hapo. Kila jioni aliketi nje akilitazama lango lile. Hakulalamika. Aliomba jambo moja tu: siku yake ikifika, apitishwe hapo alipopita baba yake.

Siku yake ikafika. Waisiko na mjomba wake Ryoba walikwenda kuomba ufunguo. Waliambiwa ufunguo uko Musoma. Waliotumwa Musoma waliambiwa mwenye ufunguo yuko safarini, na aliye ofisini hana mamlaka. Wote walipewa pole.

Mazishi hayakuweza kungoja. Jeneza la Mama Agustina lilipelekwa hadi nyuma ya Hoteli ya Njia Panda, likashushwa mbele ya lango. Ryoba, ambaye sasa ni mzee, aliushika mnyororo akautikisa mara moja. Kisha watu wakalibeba jeneza, wakazunguka kwa njia ya mbele.

Kwa Waisiko, kwa Mzee Ryoba, kwa ukoo wote wa Mokami wa Nyanungu, na kwa wote waliowahi kupewa kikombe cha chai na mama huyu, tunawapa pole nyingi. Hatuna neno la kuwarudishia kilichopotea, wala sisi hatuna ufunguo. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo jioni mtakapokuwa mkifunga milango yenu kwa mikono yenu wenyewe, fungeni taratibu. Mkumbukeni aliyefungiwa lango.